Lafudhi ya Viola

Agosti 2025, ukumbi wa wazi wa Delacorte, ulioko ndani ya bustani ya Central Park jijini New York, ulifunguliwa tena baada ya ukarabati uliogharimu takribani dola milioni 85. Tamthilia ya kwanza kuchezwa hapo ilikuwa Twelfth Night ya Shakespeare. Viola alikuwa Lupita Nyong'o. Sebastian, pacha ambaye Viola anadhani amekufa maji, alikuwa Junior Nyong'o, mdogo wake wa tumbo moja. Mwongozaji, Saheem Ali, naye ni mtoto wa Kenya. Na katika baadhi ya mistari, ndugu hao wawili waliongea Kiswahili.

Sisi wa huku tumezoea Shakespeare aletwe kwetu. Mwalimu Nyerere alitafsiri Julius Caesar mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi ikafuata mwaka 1969. Safari hii Kiswahili ndicho kilichomfuata Shakespeare, kikaketi katikati ya Kiingereza chake kama mwenye nyumba. Na hadithi yenyewe inaruhusu. Viola ametupwa na bahari katika nchi ya watu. Anavaa mavazi ya kiume, anajiita Cesario, anapata kazi kwa kusikika kama wenyeji wanavyotaka asikike. Aliye ugenini huwa na lugha ya kazini na lugha ya nduguye.

Lupita anaijua safari hiyo. Aliigiza Juliet akiwa na miaka 14, Nairobi, na kikundi cha Phoenix Players. Baadaye akaenda kusomea uigizaji Yale, na huko akaamua kujifunza lafudhi ya Kimarekani, maana ndiyo iliyokuwa na kazi. Katika podikasti yake, Mind Your Own, iliyoanza mwaka 2024, anaeleza jinsi ile ya kwao ilivyoanza kumponyoka, na jinsi alivyoamua, wakati wa kuitangaza filamu ya 12 Years a Slave, kurudi kuongea hadharani kama Mkenya. Filamu hiyo ilimpa Oscar mwaka 2014. Watu wanakumbuka gauni la buluu alilovaa usiku ule. Mimi nakumbuka ule uamuzi.

Nina sababu. Mimi ni wa Tarime. Kikurya hakina sauti ya l, na ulimi uliokulia humo huikwepa. Nikichoka, "lala" hutoka "rara". Mwaka juzi nilikwenda kwenye usaili wa kusoma vitabu vya sauti, katika studio moja ya Dar es Salaam. Nilisoma kurasa mbili. Aliyekuwa akisimamia akavua visikizi, akasema sauti ni nzuri ila lafudhi ni ya mkoani, wasikilizaji watacheka. Wakanipa nauli. Kwenye daladala nilijikuta nikitamka kimyakimya: lala, leo, lulu.

Jukwaani mwigizaji ana mikono, macho, vazi na taa. Kwenye kitabu cha sauti ananyang'anywa vyote. Hata karatasi ikifunuliwa haitakiwi kusikika. Kinachobaki ni pumzi na lafudhi. Lupita alikisoma mwenyewe kitabu chake cha watoto, Sulwe, kilichotoka mwaka 2019. Jina hilo ni la Kijaluo, maana yake nyota. Ni hadithi ya msichana mweusi kuliko wote nyumbani kwao, ambaye siku moja anachukua kifutio na kujaribu kuifuta ngozi yake. Kitabu kina michoro ya Vashti Harrison, lakini anayesikiliza haioni. Weusi wa Sulwe, ambao ndio kiini cha hadithi, inabidi ubebwe na sauti peke yake. Nilipoisikiliza nikajiuliza: hadithi ya mtoto anayetaka kujifuta ikisomwa kwa sauti iliyokwisha kufutwa, nani ataiamini?

Darasani kwetu, kwenye shahada ya uzamili, yupo mwenzetu asiyeona. Programu ya kompyuta yake inasoma Kiingereza vizuri, lakini Kiswahili inakitamka kama mtalii aliyeshuka jana. Riwaya za Kiswahili tulizopangiwa hakuzipata kwa sauti. Muhula uliopita akaniomba nimrekodie moja. Nikamtahadharisha kuhusu l zangu.

"Ndugu yangu," akasema, "nyinyi mnawajua watu kwa sura, mimi nawajua kwa lafudhi. Ukiificha, nitajuaje ni nani ananisomea?"

Sasa nimefika sura ya nane. Narekodi usiku, bweni likishatulia, nimejifunika blanketi gubigubi ili mwangwi usiingie. L nyingi zinatoka sawasawa. Zisizotoka naziacha. Wiki iliyopita aliniandikia kuuliza kwa nini bibi kizee wa kwenye riwaya anaongea kama Mkurya, ilhali hadithi nzima inatokea Pwani. Nikamjibu kwamba nilipofika kwake, sauti ya bibi niliyoijua ilikuwa moja tu.

"Basi mwache hivyohivyo," akajibu. "Nasubiri sura ya tisa."