Kadi ndogo iliyomwokoa mjomba

Mtu akitapika na kuishiwa na nguvu hapa Tala, jibu la wengi ni moja tu: malaria. Ndiyo sababu mjomba wangu alipomaliza siku tatu kitandani bila kugusa hata muthokoi, majirani walimletea tembe za malaria. Wengine walinong'ona kwamba ni saratani inammaliza, aachwe apumzike.

Mjomba ana saratani ya mapafu. Kila baada ya wiki tatu hupanda matatu kwenda Nairobi kutiwa dawa ya pembrolizumabu kwenye mshipa. Dawa hii haiui chembe za saratani yenyewe. Huondoa breki kwenye kinga ya mwili, ili chembe nyeupe za damu zipate kuushambulia uvimbe. Utafiti kuhusu breki hizo ndio uliowapatia James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani Tuzo ya Nobel mwaka 2018.

Lakini askari asiye na breki huweza kumpiga hata mwenye nyumba. Tezi zinazotengeneza homoni huweza kuumia, hasa ile ya kooni. Mara chache huwa ni kongosho, na mgonjwa hushikwa na kisukari ghafla, kiu na mikojo isiyokwisha. Ikiumia pituitari iliyo chini ya ubongo, au adrenali zilizo juu ya mafigo, mwili hukosa homoni ya kotisoli. Hapo presha huporomoka na mtu aweza kufa. Haya huweza kutokea hata miezi kadhaa baada ya dozi ya mwisho.

Tulimpeleka kliniki iliyo karibu na soko. Afisa wa zamu, binti mdogo kwa umri, alipima presha, akakuta 80 kwa 50. Kisha akauliza, "Mzee, huko Nairobi wanakutibu kwa dawa gani?" Mkazamjomba akafungua kibeti, akatoa kadi aliyopewa na daktari wa saratani. Binti akaisoma mara mbili. Alipima malaria na sukari, akatoa damu ya kupimwa kotisoli, lakini hakungoja majibu. Alimdunga haidrokotisoni miligramu 100, akamtundikia maji ya chumvi, ndipo akaita gari la kumpeleka Machakos kulazwa. Kabla gari halijafika, mjomba alikuwa ameomba chai.

Dawa ya Nairobi imekula kipande cha shamba. Sindano ile ni ya bei nafuu na kliniki nyingi huwa nayo. Kwa nini basi kadi kama ile asipewe kila mgonjwa wa dawa hizi?

Sasa mjomba anameza tembe za homoni kila siku, na pengine atazimeza maisha yake yote. Ameambiwa asiziache ghafla, na akipata homa aongeze dozi kama alivyoandikiwa. Alihofia kwamba matibabu ya saratani yangesimamishwa. Daktari alisema homoni zikishatengemaa yanaweza kuendelea, na mwezi uliopita alipanda tena matatu ya Nairobi.