Shahada ya pili ya sheria za benki, na saini ya biharusi



Tangu turudi Unguja tunaulizwa suali moja kwa njia nyingi: mtoto wa kike, tena ameshachumbiwa, anakwenda Malaysia kusomea sheria za benki ili iwe nini? Bibi yetu alilisema kwa upole zaidi. "Wajukuu zangu, kuna sheria za ndoa, kuna za mirathi, kuna za watoto. Nyinyi mmekwenda kuchagua za pesa za watu." Sisi ni wawili, watoto wa mtu na dada yake, tumelelewa nyumba moja, na tuliondoka pamoja kwenda Kuala Lumpur. Mmoja wetu wakati huo posa yake ilikuwa imeshakubaliwa. Kwa hiyo tunawaandikia hasa wale ambao barua ya chuo na mazungumzo ya harusi yamewafikia mwezi mmoja.

Tuanze na dini, maana ndiyo iliyotunyima usingizi. Uzito wa riba kila Muislamu anaujua. Na wengi wetu tumesikia darsani hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, kwamba laana haikumfikia mlaji wa riba peke yake, bali na anayeitoa, anayeiandika na mashahidi wake wawili. Sasa mwanasheria wa benki ni nani kama si mwandishi? Tulimwendea shekhe wetu tukiwa na fomu mkononi. Akatuuliza, "Mnataka kusoma au mnataka kazi?" Tukasema vyote. Akacheka. "Hayo ni masuali mawili. Leo nakujibuni la kwanza. La pili njooni nalo siku mtakapopata kazi yenyewe."

Jibu la kwanza alilitoa kwa kutufungulia Suratul Baqara, aya ya 282. Hiyo ndiyo aya ndefu kuliko zote ndani ya Msahafu, na inahusu deni la muda: liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, mashahidi wawepo, wala watu wasichoke kuandika liwe dogo au kubwa. Tumeisoma tangu chuoni tukiwa na miaka saba na hatukuwahi kuitazama hivyo. Basi tukaenda, na dua zake.

Suala la kusafiri lilikuwa jepesi kwetu kuliko kwa wengine, kwa sababu kaka yetu alikuwa tayari Gombak, pembeni mwa Kuala Lumpur, anasoma Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kiislamu. Yeye ndiye aliyetusafirisha. Pesa ndizo hazikuwa nyepesi. Upatu wa miezi minane, mchango wa wajomba, na bangili nne za dhahabu za Mama ambazo hatukujua zimeuzwa mpaka tulipoona mikono yake siku ya kuagana.

Tulidhani tutasoma hesabu. Kumbe wiki ya kwanza tunasoma kesi ya Uingereza ya mwaka 1848, Foley na Hill, na hiyo moja tu ingetosha kumsomesha biharusi yeyote. Ilisema hivi: pesa ukishaiweka benki ile ya kawaida si amana yako tena. Inakuwa mali ya benki, na benki inakuwa na deni lako. Wewe uliyekwenda kuhifadhi mahari yako umemkopesha tajiri. Ndiyo maana benki za Kiislamu zinagawa akaunti kwa majina tofauti, na majina hayo si mapambo. Ya wadia, benki inachukua dhamana ya kukurejeshea ulichoweka. Ya mudharaba, wewe unatoa mtaji, wao wanafanya biashara, faida mnagawana kwa kiwango mlichokubaliana, na hasara ya mtaji isiyotokana na uzembe wao ni yako. Shoga yetu mmoja alikuwa na akaunti ya pili kwa miaka mitatu akidhani ni ya kwanza.

Somo lililotukalisha kitako lilikuwa la dhamana za wake. Mwaka 1993 mabwana wa mahakama ya juu ya Uingereza, House of Lords, walihukumu kesi ya Barclays na O'Brien. Mume anataka mkopo kwa ajili ya kampuni. Anamwambia mkewe ni paundi 60,000, tena kwa wiki tatu tu. Mke anatia saini kuiweka nyumba yao rehani bila ya kusoma. Ukweli ni paundi 135,000, na pale benki hakuna mtu aliyemweleza kitu. Yule mama alishinda. Mwaka 2001 mahakama hiyo hiyo, katika kesi inayoitwa Etridge, ikaweka utaratibu: mke anapodhamini deni la mumewe, benki ihakikishe ameelezwa na mwanasheria, ana kwa ana, mume akiwa hayupo chumbani.

Mume akiwa hayupo chumbani. Darasa zima wanawake tuliinua vichwa. Palikuwa na Wamalei, Wanigeria, dada mmoja kutoka Sudan, na kila mmoja alikuwa na mama au shangazi aliyewahi kutia saini huku kalamu ameshikishwa na mumewe. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 114, inataka ridhaa ya mke au mume kabla ya nyumba ya ndoa kuwekwa rehani. Hilo ni jema. Lakini ridhaa na kufahamu ni vitu viwili, na kifungu hakiwezi kuingia chumbani usiku wakati mtu anaambiwa, "Kwani huniamini?"

Dini yetu ilishamaliza jambo hili zamani. Mali ya mke ni yake. Mahari yake ni yake. Deni la mume si deni lake, mpaka yeye mwenyewe ajitie. Anayejitia ni kwa saini, na saini tunazifundishwa wapi? Somo anamfunda biharusi namna ya kujifukiza udi, kupika, kusitiri siri za nyumba. Yote mazuri, na sisi tumefundwa. Hakuna aliyetwambia ukurasa wa nyuma wa fomu ya mkopo una nini.

Msidhani tulichosoma ni benki za kawaida tu, na kwamba ukishaona neno "Islamic" mlangoni unaweza kufunga macho. Malaysia wana sheria ya benki za Kiislamu tangu 1983, wakaja na sheria mpya 2013, na Benki Kuu yao ina Baraza la Ushauri wa Sharia ambalo maamuzi yake yanazifunga hata mahakama. Na bado mizozo ipo. Tulisoma kesi ya Zulkifli Abdullah na Affin Bank, iliyochapishwa kwenye ripoti za sheria za 2006. Bwana huyu alipewa nyumba kwa mtindo wa benki kununua na kumuuzia kwa bei ya juu, alipe kidogo kidogo miaka 25. Fedha aliyopewa ilikuwa kama ringgit 394,000, bei ya kuuziwa kama 992,000. Akashindwa kulipa mapema kabisa, na benki ikadai takriban bei yote, pamoja na faida ya miaka ambayo haijafika. Jaji alikataa kuipa benki faida ya wakati usiopita. Baadaye Benki Kuu iliyataka mabenki yaandike punguzo hilo ndani ya mkataba wenyewe, lisibaki kuwa hisani ya meneja.

Sasa rudini nyumbani. Hapa kwetu mambo ya benki ni ya Muungano, na mabenki yote, ya Unguja na ya Bara, yako chini ya Sheria ya Benki na Taasisi za Fedha ya 2006. Mahakama ya Kadhi inahukumu ndoa, talaka, mirathi, wakfu. Mkataba wa murabaha ukiharibika haupelekwi kwa Kadhi. Unakwenda mahakama ya kawaida, mbele ya hakimu ambaye pengine hajawahi kulisikia neno lenyewe, na atasoma kilichoandikwa, si kilichokusudiwa. London walishaona hivyo 2004, katika kesi ya Shamil Bank ya Bahrain na Beximco. Mkataba ulisema unafuata sharia tukufu na sheria ya Uingereza kwa pamoja. Mahakama ikasema sheria ya nchi ndiyo inayotawala, na maneno ya sharia yaliyotajwa kijumla hayana kazi pale. Kwa hiyo mwandishi wa mkataba wetu anahitajika sana, na awe anajua pande zote mbili. Tulipofika hapo ndipo tulipoona kwamba hatukupoteza pesa za Mama.

Kuhusu posa. Upande wa bwana harusi walikubali tusome, kisha nusu ya njia wakabadilika. Shangazi yake mmoja alipiga simu kwa Mama: "Biharusi gani huyo, mwaka mzima yumo kwenye mabuku ya benki?" Wakataka ndoa iletwe mbele na masomo yasimame. Wiki mbili zile hatuzisahau. Tulikaa sakafuni chumbani, baina yetu madaftari ya mtihani na simu inayolia. Mwishowe mwenzetu hakuzungumza na shangazi. Alizungumza na mchumba mwenyewe, kaka akiwepo, akamwambia anataka kumaliza, na anataka iwe sharti kabla ya ndoa, kwa maandishi. Dada zetu, ulizeni mashekhe wenu juu ya masharti ya ndoa kabla ya siku yenyewe. Wahanbali wanayapa uzito mkubwa zaidi masharti ya mke kuliko sisi Washafi, na si kila sharti lina nguvu moja. Yule kijana alinyamaza siku nne. Siku ya tano alituma ujumbe: "Maliza. Mimi nitazungumza na shangazi." Alizungumza vipi hatujui hadi leo, lakini shangazi ndiye aliyepaka hina.

Suali la pili la shekhe lilikuja mwaka huu. Yule ambaye hajaolewa aliitwa na benki moja ya kawaida, idara ya sheria, mshahara mara tatu ya anaopata kwenye ofisi ya wakili. Kazi yenyewe ni kuandika mikataba ya mikopo ya riba. Tukarudi kwa shekhe kama tulivyoahidi, na hakutoa hotuba. Aliuliza kazi ni nini hasa, akasikiliza, akasema hii hapana. Tukakataa, tunasema tukakataa kwa sababu barua tuliiandika pamoja. Mama hakusema neno. Ila mikono yake tunaiona kila siku anapokanda unga.

Yule aliyeolewa yuko Chake Chake. Akina mama wanamletea fomu zao alasiri, anawasomea barazani. Mwezi uliopita mumewe alitaka mkopo wa kununulia boti ya pili, na benki ikataka dhamana. Akamwomba kiwanja chake, kile alichorithi kwa baba yake. Mwenzetu akamwambia anataka siku tatu, na wakili wake mwenyewe, na kwa wakili atakwenda peke yake. Mume alicheka kwanza. Kisha hakucheka. Usiku ule walikula bila ya mazungumzo. Asubuhi aliacha nauli ya daladala juu ya meza na namba ya wakili mmoja wa Wete, ambaye si rafiki yake wala si jamaa yake.

Siku tatu zinaisha kesho. Karatasi bado ziko juu ya kabati, hazijatiwa saini.