Kumbukumbu za STM32F4 Discovery: usihesabu kilobaiti peke yake

Leo tuongee kuhusu STM32F4 Discovery, bodi ambayo STMicroelectronics waliitoa mwaka 2011 ili watu waijaribu prosesa yao. Ina Cortex-M4 inayokimbia kwa megahezi 168, flashi ya MB 1 na RAM ya KB 192. Kama umezoea kompyuta ya gigabaiti, utacheka. Lakini kazi niliyonayo haitaki nafasi kubwa, inataka nafasi ya kuaminika.

Binamu yangu anasimamia tangi la kupozea maziwa huko Kinangop. Maziwa yanatakiwa kukaa kwenye nyuzi 4 hivi. Stima ikipotea usiku joto linapanda, na asubuhi lori likija maziwa yanaweza kukataliwa. Hapo ubishi unaanza. Mkulima anasema alileta maziwa mazuri, dereva anasema ameyakuta yameharibika, na binamu yuko katikati bila ushahidi. Ameniomba kifaa cha kuandika joto kila dakika.

Sasa fikiria: rekodi anayoihitaji kuliko zote ni ile ya dakika stima inapokatika. Yaani kifaa kinatakiwa kuandika jambo la muhimu zaidi wakati chenyewe kinakata roho. Kwa hiyo tupitie kumbukumbu za bodi hii moja moja.

RAM kwanza. Zile KB 192 si kipande kimoja. Ziko KB 112, KB 16, na nyingine KB 64 zinazoitwa CCM. Hizi za CCM zinafikiwa na prosesa tu, DMA haizioni. Ukiweka hapo bafa inayojazwa na DMA utashangaa kwa nini data haifiki. RAM ina kasi na unaandika mara utakazo, ila stima ikienda, kila kitu kimeenda.

Pili, kuna RAM ya akiba ya KB 4. Hii inabaki hai ukiweka betri ndogo kwenye pini ya VBAT, betri ileile inayoendesha saa ya ndani. Rekodi yangu moja ni baiti 16, kwa hiyo zinaingia 256, saa nne na kitu. Usiku ni mrefu kuliko hapo.

Tatu, kadi ya SD. Bodi haina nafasi yake, lakini unaweza kuiunganisha kwa nyaya chache. Ni rahisi, ina gigabaiti tele, na binamu anaweza kuichomoa akaisoma kwenye kompyuta. Tatizo ni kwamba kadi ina kontrola yake ndani, na inaweza kukaa milisekunde nyingi ikishughulika kabla haijamaliza kuandika. Umeme ukikatika katikati, unaweza kupoteza faili zima, si rekodi ya mwisho tu.

Nne, flashi ya ndani, ileile inayobeba programu. Imegawanywa sekta 12: nne za KB 16, moja ya KB 64 na saba za KB 128. Huwezi kufuta baiti moja, unafuta sekta nzima, na mtengenezaji anahakikisha kila sekta itavumilia kufutwa mara 10,000. Piga hesabu. Ukifuta na kuandika upya kila dakika, mara 10,000 zinaisha kabla ya siku saba!

Lakini si lazima ufute. Sekta ya KB 128 inabeba rekodi 8,192 zikipangwa moja baada ya nyingine, yaani siku tano na nusu na zaidi. Nimechukua sekta mbili za mwisho. Moja ikijaa, nafuta nyingine na kuhamia huko. Hivyo kila wakati nina angalau siku tano za historia, na kwa hesabu hiyo mara 10,000 zinatosha zaidi ya miaka 150. Programu inabakiwa na KB 768, na yangu ni ndogo sana.

Kufuta sekta kubwa kunachukua kama sekunde moja, na prosesa inasimama muda huo kwa sababu programu yenyewe inasomwa kutoka flashi hiyohiyo. Sekunde moja kila siku tano naikubali. Kuandika rekodi moja, kwa upande mwingine, hakufiki milisekunde.

Hiyo ndiyo inayookoa kazi. Prosesa ina kipimo cha volti kinachoishtua programu umeme ukianza kushuka. Kapasita kwenye njia ya umeme inashikilia bodi kwa muda mfupi, nao unatosha kuandika rekodi ya mwisho: saa, joto, stima imeenda. Kila rekodi ina namba ya kuhakiki. Ikikatizwa katikati, programu ikiamka inaiona ni mbovu na kuiruka, zilizotangulia ziko salama.

Kwa hiyo ukipewa bodi ya aina hii, kabla ya kuuliza ina KB ngapi, uliza nini kinabaki umeme ukikatika, na kuandika kunachukua muda gani.

Binamu ameniuliza kifaa chake kina GB ngapi. Nikamwambia hakifiki hata moja. Hakufurahi sana, lakini ngoja stima ipotee.