Kibaba cha Stashahada: Kumbukumbu za Mwanafunzi kutoka Kisumu

Haba na haba, walisema wahenga, hujaza kibaba. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumeifafanua methali hii mara nyingi katika insha na mitihani. Tumeeleza kwamba kibaba ni kipimo cha nafaka, robo ya pishi, na kwamba funzo lake ni subira. Mimi nilijaza kibaba changu kwa miaka mitatu. Jambo ambalo sikufunzwa, ndugu msomaji, ni lile linalomkabili mtu anapokifikisha kibaba chake sokoni akaambiwa kwamba pale hakihesabiwi.

Nilizaliwa na kulelewa Kisumu, karibu na ufuo wa Dunga, ambako mama yangu huuza omena. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2015 nilipata alama ya C, ilhali kiwango cha chini cha kusomea shahada ni C+. Nikajiunga na chuo kimoja cha kati kusomea stashahada ya ualimu, Kiswahili na Historia. Nilihitimu mwishoni mwa 2018, nikafundisha miezi kadhaa katika shule moja ya upili huko Seme, nikilipwa na bodi ya shule. Septemba 2019 nilipata nafasi ya shahada ya ualimu katika chuo kikuu kilicho nje ya Nyanza. Sitakitaja, kwa kuwa shabaha yangu si kukishtaki, na yaliyonikuta humo nimeyasikia pia kutoka kwa wenzangu waliosomea kwingine.

Nilipofika niliwasilisha ombi la kuhamishiwa krediti, yaani vile vipimo vya kazi ambavyo mwanafunzi hujikusanyia kila anapohudhuria kozi na kuufaulu mtihani wake. Hoja yangu ilikuwa nyepesi. Kozi 12 za stashahada yangu zilishabihiana kwa jina na maudhui na kozi za mwaka wa kwanza wa shahada. Basi niruhusiwe kuanzia mwaka wa pili. Karani aliitazama hati yangu ya matokeo, akanirudishia na kusema, "Mwalimu, stashahada ni stashahada, na shahada ni shahada." Baada ya wiki sita nilipokea barua. Nilikuwa nimesamehewa kozi moja tu, Stadi za Mawasiliano. Hakuna aliyeniomba silabasi, wala karatasi za mitihani niliyoifanya, wala aliyenitahini ili ajue ninachokijua.

Hivyo nikaketi tena katika Utangulizi wa Fasihi Simulizi, nikafunzwa tofauti ya hurafa na hekaya ambayo mwaka ule ule nilikuwa nimewafunza wanafunzi wa kidato cha tatu. Wenzangu walinikopa madaftari. Nilipata alama nzuri bila jasho, na huo si ushindi wa kujivunia.

Gharama ya mwaka huo haikuwa ya kwangu peke yangu. Katika hesabu ya mama, mimi ningesoma miaka mitatu, kisha zamu ingemfikia mdogo wangu, ambaye alikuwa amemaliza darasa la nane na kuitwa kidato cha kwanza. Miaka mitatu ikawa minne, na janga la Korona lilipovifunga vyuo mnamo Machi 2020 ikawa zaidi ya minne. Mdogo wangu alisubiri. Katika kusubiri huko alianza kuandamana na wavuvi wa omena usiku wa giza, wakati taa zinapotegwa juu ya maji. Nilipohitimu na kumwambia kwamba sasa karo ipo, alinijibu kwa upole, "Mimi nimeshazoea ziwa." Hadi leo yuko ziwani. Siwezi kusema kwamba barua ile ndiyo iliyomtoa shuleni, maana umaskini una milango mingi. Hata hivyo, najua mwaka ule ulilipiwa kwa nini.

Haki yanitaka niseme na upande wa pili. Miongoni mwa kozi 12 nilizoziombea msamaha ilikuwamo Fonolojia ya Kiswahili. Katika stashahada tulikariri jedwali la konsonanti na irabu, basi. Chuo kikuu tuliulizwa ni kwa nini *ki-ombo* huwa *chombo* na *mu-ana* huwa *mwana*, na ni kanuni gani moja inayoeleza mifano mingi. Nilishindwa. Katika jaribio la kwanza nilipata alama 11 kwa 30. Lau ningalisamehewa kozi ile, ningaliingia mwaka wa pili na tundu chini ya mtumbwi, na pengine nisingaliandika leo tasnifu ya uzamili. Kwa hiyo sisemi kwamba kila kilichosomwa katika chuo cha kati kipokewe kikiwa kimefumbwa.

Nilimsimulia mama haya yote likizo moja, tukiwa katika soko la Kibuye. Akaniuliza kwa Dholuo, huku mkono wake ukiendelea kujaza gorogoro, "Mwanangu, omena niliyopimiwa Dunga, hapa huwa hawaipimi tena?" Nikajibu kwamba huipima. "Basi," akasema, "wakipima wakaona imepungua, hunilipa kwa kilichomo. Hakuna mnunuzi aliyewahi kuniambia niirudishe majini ikavuliwe upya."

Sijasikia hoja bora kuliko hiyo katika suala hili. Kupima tena ni haki ya mnunuzi. Kukataa kupima ndiko dhuluma.

Aidha, nchi yetu haikosi sheria. Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Sifa za Masomo ilipitishwa mwaka 2014, ikaunda mamlaka ya KNQA. Mfumo wenyewe una ngazi 10: stashahada ngazi ya 6, shahada ya kwanza ngazi ya 7, uzamili ngazi ya 9 na uzamifu ngazi ya 10. Maana ya ngazi ni kwamba mtu hupanda. Mwenye kusimama kwenye kidato cha 6 hatarajiwi kushuka hadi chini kabla ya kukikanyaga cha 7.

Isitoshe, vyuo vikuu vya ufuo huu vyenyewe ni watoto wa vyuo vya kati. Chuo Kikuu cha Maseno kilianza mwaka 1990 kwa kuunganisha Chuo cha Ualimu cha Siriba na taasisi ya mafunzo ya serikali iliyokuwa jirani yake. Kule Bondo, chuo cha ualimu kiligeuzwa kuwa chuo kikuu kishiriki mwaka 2009, na mwaka 2013 kikapewa hati ya chuo kikuu kamili kwa jina la Jaramogi Oginga Odinga. Majengo na ardhi vilihamishiwa krediti zake bila kuambiwa vianze upya.

Tusidhani kwamba tatizo hili ni letu peke yetu. Marekani ina vyuo vya jamii tangu kuanzishwa kwa chuo cha Joliet, jimbo la Illinois, mwaka 1901, na mwanafunzi anaweza kusoma miaka miwili humo kisha akamalizia chuo kikuu. Hata hivyo, ripoti ya ofisi ya ukaguzi ya Bunge la nchi hiyo ya mwaka 2017 ilikadiria kwamba wanafunzi waliohama vyuo kati ya 2004 na 2009 walipoteza asilimia 43 ya krediti zao. Njia ikiwapo bila makubaliano ya chuo na chuo, kozi na kozi, msafiri bado hupotea.

Sisi wa idara za Kiswahili tuna la kufanya bila kungoja mtu. Kazi yetu ni kusoma matini mbili na kuzilinganisha. Je, silabasi mbili zitatushinda? Mhadhiri mmoja akiketi na silabasi ya chuo cha kati na ya idara yake kwa siku moja, ataona kwamba fasihi simulizi inalingana na fonolojia hailingani. Panapokuwa na shaka, mtihani wa saa mbili utaamua. Chama chetu nacho kinaweza kuwahimiza wanafunzi wa stashahada wahifadhi silabasi, karatasi za mitihani na kazi zilizosahihishwa, zikiwa na mhuri wa idara, maana hati ya matokeo huonyesha alama bila kueleza kilichofunzwa.

Mwaka huu binti mmoja wa Nyalenda mwenye stashahada alinijia kuomba ushauri. Tuliketi jioni mbili, tukaandika kozi moja baada ya nyingine, kilichofunzwa, kwa saa ngapi, na kwa vitabu gani. Tulipofika kwenye fonolojia nilimshauri asiiombee msamaha. Alicheka, akakubali. Barua yake haijarudi. Ombi langu kwa atakayeifungua ni dogo: akichukue kibaba cha binti huyu, akipime.