Siku Tatu Katika Visiwa vya Bohuslän

Mwenye kuitazama kwa mara ya kwanza ramani ya pwani ya magharibi ya Uswidi, kutoka mji wa Göteborg hadi mpaka wa Norwe, huweza kudhani kwamba mchoraji alitikisa kalamu yake akanyunyiza wino kila mahali. Kila tone ni kisiwa au mwamba. Huhesabiwa kwa maelfu, na mingine haionekani ila povu likipita juu yake.

Katika njia hiyo walisafiri mtu na mkewe, mwezi wa Juni, kwa chombo kizee cha mbao chenye urefu wa mita 8, mlingoti mmoja na matanga mawili. Mume, karani wa makamo mjini Göteborg, alikuwa ameweka akiba miaka mingi ili akinunue. Mke alikubali kwenda kwa sharti: siku tatu tu, na asipopendezwa chombo kiuzwe. Hakuwa mkaidi. Baba yake alikuwa mvuvi wa visiwa vile, naye tangu utotoni aliijua bahari kuwa mahali pa kazi na misiba. Watu wa mijini ndio wafikirio kwamba kila aliyezaliwa pwani huipenda bahari.

Siku ya kwanza walitoka katika mlango wa mto Göta kwa upepo mwema wa tezi. Mume aliinamia ramani kama karani ainamiavyo daftari la hesabu, akihesabu nguzo nyekundu na za kijani zionyeshazo njia. Mke hakutazama ramani, alitazama maji. Baada ya adhuhuri mume aliidhani nguzo moja kuwa nyingine. Mke akanyosha mkono asiseme neno, akaisukuma kana ya usukani, na mwamba wa rangi ya kahawia ukapita ubavuni, chini ya maji, karibu mno. Hakumlaumu mumewe, wala mumewe hakujitetea.

Msomaji aliyeiona Mombasa, ambako wakati wa bamvua maji hupanda zaidi ya mita 3, atasema kwamba chombo kikipanda mwamba yafaa kungoja maji yajae. Huko sivyo. Tofauti ya maji kujaa na kupwa ni kama sentimita 30 tu. Upepo na uzito wa hewa ndivyo viyapandishavyo au kuyashusha zaidi. Aliyekwama huweza kubaki amekwama.

Lakini uhaba huo wa kujaa na kupwa una faida yake. Jioni hawakutafuta gati. Walitupa nanga kwa nyuma, wakaacha chombo kiende polepole mpaka gubeti likaribie jabali laini la kisiwa kisicho na watu. Hapo lazima mmoja aruke na kamba, akapigilie kigingi cha chuma katika ufa wa jiwe. Mume alipokuwa akisitasita, mke aliruka, akatua kama msichana wa miaka kumi na miwili. Kwa desturi ya kale ya nchi ile, ambayo tangu 1994 imetajwa hata katika sheria kuu, msafiri aweza kulala usiku mmoja katika ardhi isiyo yake, maadamu hakaribii nyumba za watu wala haharibu kitu. Jua lilichwa baada ya saa nne za usiku, na giza halikuingia kamwe. Walikaa juu ya jabali lililokuwa lingali na joto, wakizungumza habari za baba wa mke, mambo ambayo mume hakupata kuambiwa katika miaka yote ya ndoa yao.

Siku ya pili walifika Marstrand, penye ngome ya Carlsten, iliyoanzwa mwaka 1658, Denmark ilipolazimishwa kuitoa Bohuslän kwa Uswidi. Wafungwa waliteswa sana kwa kuijenga. Bandari ilijaa vyombo vya matajiri, na mume akaona haya kwa rangi iliyobambuka ya chombo chake. Mke alimcheka.

Asubuhi ya tatu palikuwa na njia mbili: ya ndani, nyuma ya kisiwa kikubwa cha Tjörn, iliyo shwari, na ya nje, mbele ya miamba iitwayo Pater Noster, maana yake Baba Yetu, kwa kuwa mabaharia wa zamani walisali sala hiyo walipoikaribia. Mnara wa taa uliwashwa hapo mwaka 1868, ukazimwa 1977, ukashushwa 2002 kwa kuliwa na kutu, ukarudishwa 2007. Mume akasema, “Twende ndani.”

“Unaogopa kwa ajili yangu, au kwa ajili yako?” mke akauliza.

Mume alifikiri kidogo. “Kwa ajili yetu sote wawili.”

“Basi nipe usukani.”

Walipunguza tanga kubwa, wakatoka. Mawimbi yalikuja kwa ubavuni, makubwa, ya kijivu, na maji yakaingia mpaka miguuni. Mnara mwekundu ulipokuwa sambamba nao, mume aliona midomo ya mkewe ikitikisika. Hakuuliza kama ni sala au ni kuhesabu mawimbi.

Jioni walifunga chombo Käringön. Mume alianika nguo zilizolowa, akingoja neno. Mke alikuwa ameikunjua ramani kwa mara ya kwanza, kidole chake kikipanda kaskazini taratibu, akauliza kwamba upepo ukibaki vile vile, kufika Smögen ni mwendo wa saa ngapi.