Kuagana Mjini Goma

Msafiri aendaye mbali na shanta mgongoni huuliza habari za nauli, na mahali pa kulala, na hali ya njia. Lakini liko neno gumu kuliko hayo yote, wala hakuna amfundishaye kabla hajatoka kwao: namna ya kuwaacha watu aliowazoea njiani. Neno hilo twataka kulieleza kwa mfano wa Goma, mji wa Kivu ya Kaskazini, mashariki ya Kongo, tulikopita mwezi wa Juni 2018.

Tulikuwa wanne, sote walimu, katika likizo. Tulitoka Mwanza kwa basi, tukapita Rusumo na Kigali, tukashukia Gisenyi, mji wa Rwanda ulio ufukoni mwa Ziwa Kivu. Gisenyi na Goma ni kama nyumba mbili zenye ua mmoja. Tulivuka mpaka kwa miguu, katikati ya akina mama waliojitwika mboga kwenda kuziuza sokoni. Ng'ambo alitungoja mwalimu mwenzetu wa Goma, akatupeleka kwa mama yake mzazi. Tukakaa kwake siku tisa.

Mji huo umekaa chini ya Nyiragongo, mlima wa moto wenye urefu wa mita 3,470. Tarehe 17 Januari 2002 mlima ulipasuka ubavuni. Mto wa moto ukapita katikati ya mji hata ukaingia ziwani, ukaliharibu Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, ukafunika na sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia ndege. Watu laki kadhaa walikimbia, wengi wao wakaenda Gisenyi. Lakini baada ya siku chache tu walianza kurudi, mawe yangali ya moto. Mawe hayo meusi ndiyo waliyoyachonga wakajengea kuta. Juu yake tuliwaona vijana wakisukuma chukudu, yaani vyombo vya mbao vya magurudumu mawili, vimejaa magunia ya viazi na makaa. Mji umekipa chombo hicho heshima yake: sanamu yake imesimamishwa katika njia panda.

Jioni tulikula ugali na sambaza, samaki wadogo wa ziwa lile. Mwenyeji wetu alitueleza kwamba sambaza si wenyeji wa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika katika miaka ya 1950, wakazaana. Mama akacheka, akasema, "Munaona, walimu? Hata samaki alikuja mugeni, akabaki." Tulielewa kwamba hakuwa akisema habari za samaki peke yake.

Siku ya tisa ilipofika, kundi letu liligawanyika. Mmoja alirudi kwao kwa njia ya Gisenyi. Wa pili alishika meli ya kwenda Bukavu, upande wa kusini wa ziwa, awaone jamaa zake. Sisi wawili tuliobaki tulikuwa na safari ya Kinshasa, ambako rafiki yetu wa zamani wa seminari alitungoja. Basi kwa muda wa siku mbili tuliziona kwaheri za namna tatu, tukajua kwamba hazifanani.

Kwaheri ya miguu ni ndefu. Tulimsindikiza mwenzetu mpaka kizuizi cha mpakani, tukapeana mikono, tukasahau neno, tukaitana tena, tukacheka. Hata alipokwisha kuvuka tuliona kofia yake katikati ya watu, naye aligeuka mara tatu. Kwaheri ya meli nayo ina huruma yake. Chombo hung'oka polepole. Anayekwenda husimama ukingoni, anayebaki husimama gatini, na maji huongezeka kati yao kidogo kidogo, hata moyo ukapata nafasi ya kuzoea.

Kwaheri ya ndege haina nafasi hiyo. Lakini kwa mtu aendaye Kinshasa ilikuwa vigumu kuikwepa, maana toka Goma hata mji mkuu ni zaidi ya kilomita 1,500 hewani, na kati yao ni misitu na mito mikubwa, wala hapakuwa na barabara moja nzima ya kumfikisha mtu. Mama na mwanawe walitusindikiza mpaka langoni mwa uwanja. Kupita hapo hawakuruhusiwa. Mama alitupa jibini ya Masisi, nzima, imefungwa katika kitambaa safi. Akasema, "Muende muzuri, wana wangu. Mukifika, mutume habari." Tukaitika, "Ndiyo, mama." Askari akatuhimiza, tukaingia. Tukalipa dola 10 za kodi ya uwanja, tukapewa stakabadhi iitwayo Go-Pass, tukakaguliwa mizigo. Tulipogeuka, lango lilikuwa limejaa watu wengine.

Ndege ilielekea kusini, ikapita juu ya mapaa ya Birere. Abiria wengi walinyamaza hapo, kwa kuwa tarehe 15 Aprili 2008 ndege nyingine ilishindwa kupaa, ikaangukia mtaa huohuo, wakafa abiria na watu waliokuwa katika shughuli zao. Kisha tukaliona ziwa, kisha mawingu, kisha hatukuona kitu. Tulipotua Kinshasa tulirudisha saa zetu nyuma kwa saa moja, kama ilivyo desturi ya huko. Jua la Kinshasa lilikuwa lingali juu, na kwa mama kule Goma giza limekwisha kuingia. Ndipo tulipoona jinsi tulivyokuwa mbali naye.

Tangu siku ile tulishika ahadi ya kutuma habari, naye hakuchoka kutujibu. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulipasuka tena, moto ukasimama karibu na viunga vya mji. Tukapata habari kwamba mama amekimbia kwa miguu usiku, naye ni mzima. Mwishoni mwa Januari 2025 kundi la M23 liliuteka mji kwa vita. Umeme na maji vikakatika, uwanja wa ndege ukafungwa. Lango lile tulilopita sisi kwa tiketi na stakabadhi halikuwa tena njia ya mtu. Tulipiga simu siku nne, hatukupata jibu. Siku ya tano lilikuja neno moja tu: "Tuko." Tulilisoma mara nyingi kuliko barua ndefu.

Basi, wanafunzi wetu na ninyi wazazi, fikirini jambo hili. Msafiri akiagana na wenyeji wake, machozi hutoka pande zote mbili, lakini mzigo haulingani. Anayekwenda ana tiketi mfukoni, na njia iko wazi mbele yake. Anayebaki, yu pamoja na mlima wake, na vita vyake, na kuta zake za mawe meusi. Kwa hiyo deni la kulinda urafiki ni la yule aliyeondoka. Yeye ndiye atangulie kuandika, na kuuliza, na kungoja jibu bila kuchoka. Mtu asidhani kwamba jibini ya Masisi hulipwa kwa neno "asante" langoni.

Wazee husema milima haikutani, bali binadamu hukutana. Milima ya Virunga ni minane, imesimama karibu karibu, na tangu kuumbwa haijasalimiana. Sisi tumepewa miguu na ulimi, tusikae kama milima.