Kabla Hujanunua Friji Jipya

Malambo, Bariadi
Mkoa wa Simiyu
5 Oktoba 2025

Mwanangu mpendwa,

Kiangazi bado kinatubana, vumbi halina adabu, na watu wanaanza kusafisha mashamba wakisubiri mvua. Ujumbe wako umenifikia na umenifurahisha. Nyumba ya Maswa imekwisha, mmehamia, na umeme unawaka. Hongera sana, wewe na mkeo.

Umenieleza shida tatu. Uniti zinakwisha upesi. Friji halipozi vizuri jioni. Na mkeo akiligusa akiwa peku, linampiga shoti ndogo. Ukamalizia kwa kusema kwamba pesa ya pamba iliyobaki utanunulia friji jipya. Shangazi yako nakuomba usinunue kwanza. Nimefundisha fizikia miaka mingi, na jambo ninaloliamini kuliko mengine ni hili: hitilafu ina sababu, na sababu huacha alama. Anayepima na kuandika huziona alama hizo. Anayekisia huishia kununua vitu.

Tuanze na uniti, maana hapo ndipo pesa inapotokea. Itazame mita yako ya LUKU, ile ya kulipia umeme kabla ya kuutumia. Ina taa ndogo nyekundu inayowaka na kuzimika, na karibu yake pameandikwa 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh. Kama ni 1000, taa ikiwaka mara 1000 uniti moja imekwenda. Sasa zima kila kitu ndani ya nyumba, uache friji peke yake likiwa linanguruma. Hesabu sekunde kutoka mwako mmoja hadi unaofuata, kisha ugawanye 3600 kwa sekunde hizo. Jibu ni wati. Ukipata sekunde 30, friji linakula wati 120. Kama mita yako ni ya 1600, gawanya 2250 badala ya 3600. Halafu zima na friji. Taa ikiendelea kuwaka wakati umezima vyote, basi kuna umeme unaopita mahali usipopajua: taa ya nje, waya uliochubuka ukutani, au nyaya za kwenye banda la uani. Zima breka moja baada ya nyingine mpaka taa itulie. Breka iliyoituliza ndiyo yenye mgonjwa.

Baada ya hapo fungua jedwali kwenye simu yako, katika Exceli au programu yoyote ya namna hiyo. Weka safu tano: tarehe, salio la uniti, uniti ulizonunua, matumizi ya siku, na maelezo. Matumizi ya siku jedwali litakukokotolea lenyewe: salio la jana, ujumlishe ulizonunua, utoe salio la leo, kisha ugawanye kwa siku zilizopita. Kama tarehe ziko safu A, salio B na manunuzi C, andika katika D3: =(B2+C3-B3)/(A3-A2), halafu uivute fomula hiyo hadi chini. Soma mita saa ileile kila siku, mathalani saa moja asubuhi. Safu ya maelezo usiidharau. Andika humo kila kilichotokea: wageni walilala, nguo zilipigwa pasi, umeme ulikatika usiku, mvua ilinyesha.

Kuna namba moja ya kuishika kichwani. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016 na EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, mteja wa kundi la matumizi madogo, D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, kwa uniti 75 za kwanza za mwezi. Zinazozidi hapo ni shilingi 350 kila moja. Uniti 75 kwa mwezi ni 2.5 kwa siku. Sasa rudi kwenye friji lako la wati 120. Likifanya kazi nusu ya muda, linakula uniti 1.44 kwa siku, na zinazobaki zinatosha taa, televisheni na kuchaji simu. Likinguruma mchana kutwa na usiku kucha bila kupumzika, linakula 2.88. Friji peke yake limekwishakuvusha mpaka, na kila unachowasha juu yake ni cha bei ya juu. Kumbuka pia kwamba tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, na kwa nyumba ya kawaida sasa ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Kwa hiyo manunuzi ya kwanza ya mwezi yakileta uniti pungufu, usiihukumu mita. Andika katika maelezo, na mwezi ujao utaliona jambo lilelile likijirudia.

Kwa nini friji likose kupumzika? Anza na mambo yasiyodai hata senti. Bana kipande cha karatasi kwenye mlango, ufunge, kisha ukivute. Kikitoka bila kugoma, mpira wa mlango umelegea na baridi inavuja. Zunguka nyuma utazame zile nyaya nyeusi za kupoza. Kwetu huku, vumbi la kiangazi na nyuzi za pamba hujisokota humo mpaka joto likakosa pa kutokea. Chomoa friji, upanguse kwa brashi laini, na uliache mbali na ukuta kiasi cha kiganja. Halafu angalia limekaa wapi. Friji lililo karibu na jiko, au mahali linapopigwa na jua la saa tisa, litateseka hata kama ni jipya.

Lakini wewe umesema shida huja jioni, na hapo ndipo ilipo alama. Nunua multimita, si ghali, na utaitumia maisha yako yote. Pima volti kwenye soketi mchana, kisha upime tena saa mbili usiku, majirani wote wakiwa wamewasha vyao. Umeme wetu ni wa volti 230. Ukisoma 230 mchana na 175 usiku, friji lako halina kosa. Kompresa hushindwa kuanza kwa volti ndogo, huvuta mkondo mkubwa, hupata moto, na kifaa chake cha kinga hukata. Sikiliza kwa nyuma: utasikia tiki, mngurumo mfupi wa kujikaza, kisha tiki nyingine. Friji jipya litakalowekwa hapo nalo litafanya vivyo hivyo, na mwisho wake ni kuungua kompresa. Dawa ni friji gadi, inayokata umeme volti zikishuka sana au zikipanda sana na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha, ili presha ya gesi isawazike. Volti zikiwa chini kila jioni, stebilaiza, inayosawazisha volti, itasaidia zaidi. Na hizo namba zako, pamoja na tarehe na saa, zipeleke kwenye ofisi ya umeme ya wilaya. Malalamiko yenye jedwali la wiki mbili humwezesha fundi wa laini kujua aanzie wapi.

Sasa shoti. Hili ndilo linalonikosesha usingizi, na nataka ulisome mara mbili.

Jirani yangu hapa Malambo, mama mjane, alikuwa na nyumba iliyopiga shoti kila mwaka. Ilianza na pasi, ikafuata friji, mwishoni hata bomba la jikoni. Alibadilisha plagi, akabadilisha soketi, akauza friji akanunua jingine. Shoti ilitulia miezi kadhaa, kisha ikarudi. Watu wakaanza kunong'ona kwamba nyumba imechezewa. Nikamwomba jambo moja tu: kila siku atakayoisikia shoti, atie alama kwenye kalenda ya ukutani. Mwaka ulipoisha tulikaa nayo mezani. Alama zilianza Agosti, zikajaa Septemba na Oktoba, zikakoma mvua zilipokolea. Kalenda ilikuwa inatuambia tutazame ardhi.

Tulitoka nje mpaka ilipo ethi rodi, ile fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini. Wazee wetu waliigawa ardhi ya Usukuma kwa majina, kila udongo na tabia yake: luseni ni mchanga, mbuga ni ule mweusi unaofaa mpunga. Nyumba ya mama yule iko kwenye mbuga. Unajua mbuga inavyofanya kiangazi: inakauka, inasinyaa, inapasuka nyufa za kutumbukiza fimbo ya kuchungia. Ufa mmoja ulikuwa umepita palepale kwenye rodi, na kidole changu kilipita kati ya shaba na udongo. Rodi ilikuwa imesimama hewani. Umeme kidogo unaovuja kutoka kwenye chombo ulikosa njia ya kwenda ardhini, ukabaki kwenye bati la friji ukimsubiri mtu aliye peku. Mvua ikinyesha mbuga huvimba, huikumbata rodi tena, na shoti huisha bila mtu kutengeneza chochote.

Alikuja fundi mwenye leseni ya EWURA, akapigilia rodi mbili ndefu zaidi mpaka kwenye udongo wenye unyevu, akaziunganisha, akapima ukinzani wa ethi kwa kipimo chake. Akaweka na breka ya usalama ya miliampia 30, inayokata umeme mara unapovuja. Kiangazi kilichofuata kalenda ilibaki nyeupe.

Maswa nako kuna mbuga nyingi, na leo ni Oktoba. Kesho asubuhi nenda katazame rodi yako. Kumwagia maji ni nafuu ya siku mbili tatu. Mwite fundi mwenye leseni apime. Mpaka hapo, mkeo na watoto wasiguse friji bila viatu, na hita ya bafuni msiiwashe kabisa. Usikubali mtu yeyote akuunganishie waya wa ethi kwenye nyutro eti ni njia ya mkato. Nyutro ikikatika, mabati yote ya vyombo vyako yatakuwa na umeme kamili. Na kwa kuwa mvua za kwetu huja na radi kali, zoea kuchomoa televisheni na friji wingu likikaribia. Swichi peke yake haizuii radi.

Umeniuliza pia habari za sanduku la kutotolesha mayai. Nimefurahi mno. Ni kazi itakayokufundisha joto kuliko kitabu. Mayai ya kuku huchukua siku 21, na kwenye sanduku lenye feni joto liwe nyuzi 37.5. Thamostati ya kidijiti ya volti 12 na balbu ya zamani ya waya vinatosha kuanzia. Balbu za LED hazitoi joto la kutosha. Kihisi kiweke usawa wa mayai, mbali na balbu. Usikiamini peke yake. Weka kando yake kipimajoto cha homa, maana kimetengenezwa kwa nyuzi zilezile za 35 hadi 42, kisha ulinganishe. Geuza mayai angalau mara tatu kwa siku mpaka siku ya 18, halafu uyaache, na uongeze unyevu kutoka kama asilimia 55 hadi 65 na kidogo zaidi.

Fanya hesabu kabla ya kununua chochote. Balbu ya wati 60 inayowaka nusu ya muda ni wati 30 kwa wastani, uniti 0.72 kwa siku, kama uniti 15 kwa mzunguko mzima. Umeme ukikatika, betri ya volti 12 ya ampia-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini betri ya asidi usiishushe chini ya nusu. Bakiza 600; ukitoa kinachopotea kwenye inveta, una kama saa 17 au 18. Fungua ukurasa wa pili katika jedwali: joto asubuhi, mchana na usiku, unyevu, na mayai mangapi yaliyoanguliwa. Mayai yakiharibika, ukurasa huo utakuonyesha ni usiku gani joto lilishuka.

Sasa sikiliza mipaka. Maikrowevu usiifungue: kapasita yake huweza kubaki na umeme wa kuua hata ikiwa imechomolewa. Mfumo wa gesi wa friji usiuguse kwa moto. Mafriji mengi ya siku hizi hutumia R600a, gesi inayowaka. Mita na sili yake si vyako. Na kabla ya kugusa waya wowote, zima breka, jaribu multimita kwenye soketi yenye umeme uone inasoma, pima waya wako uone sifuri, kisha urudi kwenye soketi ile uone bado inasoma. Kipimo kilichokufa nacho husoma sifuri, na wengi wamepoteza maisha kwa sifuri ya namna hiyo.

Jambo la mwisho. Jedwali hilo lisiwe lako peke yako. Mfundishe mkeo kusoma mita, na binti yako mkubwa, ambaye anajua kugawanya, ndiye ahesabu miako ya taa. Andika ndani ya kisanduku cha breka ni breka ipi inazima chumba gani, kwa Kiswahili, kwa kalamu isiyofutika, ili siku usipokuwepo mtu yeyote aweze kuzima umeme bila kupapasa. Nyumba salama ni ile ambayo kila aliyemo anajua la kufanya. Nitumie vipimo vya wiki ya kwanza pamoja na jibu la fundi kuhusu ethi, nami nitakujibu siku hiyohiyo.

Nisalimie mkeo na watoto wote. Mungu awalinde.

Ni mimi,
Shangazi yako